Barua ya Wazi Kuhusu Ziwa Naivasha: Tunang'oa Kinachoelea, Tumesahau Kinachoota Chini

Kwa Waziri wa Maji, Usafi wa Mazingira na Unyunyuziaji. Kwa Waziri wa Mazingira. Kwa Magavana wa Kaunti za Nakuru na Nyandarua. Na kwa wakuu wa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA), Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI).

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa bayolojia na mkazi wa Naivasha. Ninawaandikia kuhusu jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa nafasi linayostahili katika juhudi za kupambana na magugu maji katika ziwa letu, nalo ni hali ya mimea inayoota chini ya maji. Kila magugu yanapoziba fuo za wavuvi, mazungumzo huwa ni ya kuyang'oa: vijana waajiriwe, mashine iletwe, boti zipate njia. Siipingi kazi hiyo hata kidogo, kwa kuwa mvuvi aliyenaswa katikati ya magugu jioni, huku viboko wamejificha humo humo, hawezi kungoja nadharia. Ninachoomba ni kwamba kila tunapopanga kuondoa mmea unaoelea, tupange pia ni mmea gani utakaochukua nafasi yake. Swali hilo lisipoulizwa, jibu lake hutolewa na gugu lenyewe, ambalo likipata joto na virutubisho vya kutosha huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa takriban wiki mbili.

Naomba nieleze kwanza ushindani wenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo hoja yangu yote.

Ukiinua gugu maji moja kutoka ziwani utaona mashina yaliyovimba kwa hewa, na chini yake mizizi myeusi yenye vinywele vingi, iliyonasa tope laini. Mizizi hiyo haishiki chini. Inaning'inia, na chakula chote cha mmea, yaani nitrojeni, fosforasi na madini mengine, hutoka katika maji yanayoizunguka. Majani yake yako hewani, ambako jua na hewa ya kaboni havina upungufu. Sasa chukua mmea wa chini, kwa mfano mmojawapo wa jamii ya Potamogeton au ya Najas, ambazo zote mbili ni wenyeji wa Naivasha. Majani yake ni membamba na laini, na ukiutoa majini huanguka mkononi kwa kuwa hauna shina gumu la kuusimamisha. Juu ya majani hayo utakuta mayai ya konokono, utando wa mwani, na wadudu wadogo ambao vifaranga wa samaki huwatafuta. Mmea huu hupata mwanga uliobaki tu, baada ya ule uliozuiwa na mimea ya juu, mwani na udongo unaoelea majini. Lakini una faida moja ambayo gugu halina: unakula kwa njia mbili, kwa majani kutoka kwenye maji na kwa mizizi kutoka kwenye tope.

Kutokana na tofauti hiyo, kila upande una silaha yake. Mmea unaoelea humshinda mwenzake kwa kivuli. Mmea wa chini hushinda kwa kuyafanya maji yawe maskini: huchota nitrojeni na fosforasi kutoka kwenye maji hadi gugu linadumaa na majani yake kugeuka manjano, ilhali wenyewe unaendelea kula kutoka kwenye tope. Pia hutuliza mawimbi karibu na chini, tope likatua na mwanga ukapenya zaidi, jambo linaloufaa mmea wenyewe. Kwa hiyo mahali ambapo mimea ya chini imeshamiri na maji hayana virutubisho vingi, gugu lililoletwa na upepo huweza kukaa muda mrefu bila kuenea. Maji yanapolishwa kupita kiasi kwa mbolea na uchafu, silaha ya mmea wa chini hubutuka, kwa sababu hata ukichota namna gani, chakula cha kumtosha yule wa juu bado kipo, naye akitanda juu, vita vimekwisha.

Baada ya hapo gugu hujilinda lenyewe. Chini ya tabaka zito la magugu hakuna mwanga wa kutosha kwa usanisinuru, na oksijeni ambayo gugu hutengeneza kwa majani yake huishia hewani, si majini. Upepo nao hauwezi kukoroga uso wa maji ili kuingiza hewa. Majani yaliyokufa huzama na kuoza, na kuoza huko hutumia oksijeni kidogo iliyokuwapo. Oksijeni ikiisha chini, fosforasi iliyokuwa imefungwa katika tope hufunguka na kurudi kwenye maji, ambako mizizi inayoning'inia inaipokea. Ndiyo maana eneo lililofunikwa huelekea kubaki limefunikwa hata pale uchafu unaoingia ziwani unapopungua kidogo.

Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Marten Scheffer wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, walichapisha kazi iliyoeleza jambo hili kwa hesabu, majaribio na vipimo vya mitaro ya nchi yao. Waligundua kwamba penye virutubisho vya kiasi, maji yale yale huweza kuwa na hali mbili, kila moja ikiwa imara kwa namna yake: mimea ya juu ikitangulia kwa wingi hubaki imetawala, na mimea ya chini ikitangulia hubaki imetawala. Penye virutubisho vingi mno, mimea ya juu hushinda hata ikianza ikiwa michache. Wakaonyesha pia kwamba katika ile hali ya katikati, uvunaji mmoja mkubwa wa mimea ya juu unaweza kuyapindua maji yakahamia upande wa pili na kudumu huko, mradi mimea ya chini ipo tayari kupokea nafasi. Waheshimiwa, sharti hilo la mwisho ndilo linalotofautisha kazi ya mara moja na kazi ya kila mwaka.

Naivasha ina historia ya kutosha ya kututhibitishia haya, na sidhani kama kuna ziwa jingine Afrika Mashariki ambalo limeonyesha mabadiliko hayo kwa uwazi kama letu. Katika miaka ya 1960 sehemu kubwa za maji ya kina kifupi zilikuwa na mayungiyungi ya buluu, na chini yake mashamba ya mimea iliyozama. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo salvinia, jani lielealo lenye asili ya Brazili, lilionekana ziwani. Mwaka 1970 kamba wekundu wa maji baridi wenye asili ya Louisiana, Marekani, waliletwa kutoka Uganda ili kuongeza biashara ya uvuvi. Kamba huyu hukata shina la mmea karibu na tope, akala kidogo, na sehemu kubwa iliyobaki ikaelea na kusukumwa ufuoni ikaoze. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea ya chini ilikuwa karibu kutoweka katika ziwa kuu, na mayungiyungi yalikuwa yamekwisha. Panya-maji wakubwa walioletwa nchini kwa ajili ya manyoya nao walihusishwa na uharibifu wa mayungiyungi. Baadaye idadi ya kamba iliposhuka, mimea ya chini ilirudi. Kamba walipoongezeka tena, ikapungua. Watafiti waliofuatilia ziwa hili kwa miongo kadhaa waliona mzunguko huo ukijirudia, na waliona pia kwamba wale ndege weusi wa majini wenye paji jeupe, ambao chakula chao ni mimea hiyo, waliongezeka na kupungua pamoja nayo.

Kisha, mwaka 1988, gugu maji likaonekana Naivasha. Hapa naomba tuangalie kwa makini kilichotokea kwa salvinia, kwa sababu ni fundisho ambalo tumelilipia tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliletwa fukusi wanaokula salvinia, nao wakafanya kazi nzuri: salvinia iliporomoka. Lakini nafasi iliyoachwa wazi haikuchukuliwa na Potamogeton wala Najas, bali na gugu maji. Mmea mmoja uelealo uliondolewa, mwingine uelealo ukaketi mahali pake, kwa kuwa yale yaliyomnufaisha wa kwanza, yaani maji yenye chakula kingi na sakafu isiyo na mpinzani, yalikuwa hayajaguswa. Tukifanikiwa kesho kuliondoa gugu maji lote kwa njia yoyote ile, sioni sababu ya kutarajia matokeo tofauti ikiwa sakafu ya ziwa itabaki vile vile.

Wenzetu wa Ziwa Victoria wameyaona ya kwao. Mwaka 1998 magugu yalifunika takriban hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Fukusi wa jamii ya Neochetina walikuwa wameachiliwa upande wa Kenya mwaka 1997, na kwa msaada wa mawimbi na hali ya hewa ya El Niño, magugu yalipungua sana katika muda wa miaka michache. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilipokokota udongo na mbolea kutoka mashambani, magugu yakarudi, mengi yakiota kutokana na mbegu zilizokuwa zimelala kwenye tope. Mbegu hizo zinaweza kukaa zaidi ya miaka 15 zikiwa hai. Wadudu hawa ni wasaidizi wa thamani, na ninaomba waendelee kulelewa, ila tukumbuke kwamba Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, ambapo usiku ni wa baridi kuliko Kisumu, na wadudu huzaliana polepole zaidi penye baridi. Hatuwezi kuwategemea peke yao.

Mfano wenye matumaini zaidi uko kusini. Ziwa Kariba, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, lilianza kujazwa mwishoni mwa 1958. Ardhi iliyofunikwa na maji ilitoa virutubisho vingi, na kufikia 1962 salvinia ilikuwa imetanda juu ya takriban sehemu moja ya tano ya ziwa zima. Kadiri miaka ilivyopita, ule wingi wa chakula ulipungua, salvinia nayo ikasinyaa, na wadudu walioachiliwa baadaye wakaongeza msukumo. Katika miongo iliyofuata, mimea ya chini ikaenea katika maji ya kina kifupi kando ya ziwa. Kariba si Naivasha, na mto Zambezi si Malewa, lakini ni ushahidi kwamba mizani huweza kuelemea upande wa chini hapa hapa barani kwetu, na kwamba kilichoielemeza kwanza kilikuwa kupungua kwa chakula katika maji.

Kuna jambo jingine la Naivasha ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni kupanda na kushuka kwa ziwa. Mwaka 2009 maji yalishuka mno. Tangu 2020 yamepanda hadi kufunika mashamba, miti ya migunga na makazi ya watu, kama ilivyokuwa kwa maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Maji yanapopanda, gugu hupanda nayo bila hasara yoyote, ilhali mmea wa chini uliokuwa na mwanga wa kutosha kwenye kina cha mita mbili hujikuta gizani kwenye kina cha mita nne au tano. Papo hapo ardhi mpya iliyofunikwa, pamoja na vyoo vya mashimo na samadi iliyokuwa juu yake, hulisha maji. Kupanda kwa ziwa, kwa hiyo, ni zawadi kwa mimea ya juu pande zote mbili. Kushuka nako huleta tope wazi ambapo mbegu za magugu huota, lakini pia huleta maji ya kina kifupi ambapo mwanga unafika chini, na hicho ndicho kipindi ambacho mimea ya chini ina nafasi bora ya kurudi. Mpango wa magugu usiosoma mwendo wa ziwa unafanya kazi ngumu wakati mgumu zaidi na kupumzika wakati ambapo kazi ingezaa matunda.

Na upepo pia. Wote tunaoishi hapa tunajua kwamba alasiri magugu husukumwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, na kwamba ufuo uliokuwa wazi asubuhi unaweza kuzibwa kabla ya jua kutua. Yanapokwama, hukwama kando, kwenye maji ya kina kifupi, yaani mahali pale pale ambapo mwanga ungeweza kufika chini. Kwa hiyo hata magugu yanayofunika sehemu ndogo tu ya ziwa huweza kuwanyima jua sehemu kubwa ya mimea ya chini. Takwimu ya asilimia ya ziwa lililofunikwa, ambayo hutajwa mara kwa mara katika mikutano, haituambii jambo hili. Ingefaa tuulizane ni asilimia ngapi ya ukanda wa kina kifupi imefunikwa, na kwa siku ngapi mfululizo.

Sitawaficha ugumu uliopo. Maji ya Naivasha mara nyingi ni ya tope na ya kijani, na tukiondoa magugu juu ya maji ya namna hiyo, mrithi anaweza kuwa mwani badala ya mmea wa chini. Mwani unapokuwa mwingi nao hutia giza, na baadhi ya aina zake hutoa sumu. Tatizo la pili ni samaki aina ya kapu, aliyeonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na ambaye katika muda wa takriban muongo mmoja alitawala mavuno ya wavuvi. Kapu hutafuta chakula kwa kufukua tope, na kwa kufanya hivyo hung'oa miche na kuyachafua maji. Simlaumu mvuvi anayemtegemea. Familia nyingi zinaishi kwa samaki huyo, na tena kumvua kwa wingi ni kuusaidia mmea wa chini. Nasema tu kwamba usimamizi wa samaki na usimamizi wa magugu ni kazi moja, ingawa ofisi ni mbili. Tatu, ni kweli kwamba mimea ya chini ikishamiri hujifunga kwenye mapanga ya injini na kwenye nyavu. Hilo linaweza kutatuliwa kwa kufungua njia za boti na kuiacha mimea iliyobaki. Usumbufu huo ni mdogo mno ukilinganishwa na ghuba iliyozibwa.

Kutokana na hayo, yapo mambo ninayowaomba.

La kwanza, na ndilo la bei nafuu kuliko yote, ni kupima. Kisahani cha Secchi, chenye rangi nyeupe na nyeusi, hufungwa kwenye kamba na kuteremshwa hadi kisionekane, na urefu wa kamba hutueleza mwanga unafika wapi. Reki yenye kamba hutupwa chini na kukokotwa, kisha tunaandika mmea uliopatikana, au kwamba hakukupatikana kitu. Vifaa hivi viwili vinaweza kutengenezwa na fundi yeyote mjini. Vikundi vya usimamizi wa fuo vinajua kila hori ya ziwa hili, KMFRI wana utaalamu wa kutambua mimea, na shule zetu zina wanafunzi wanaosoma ikolojia kwenye madaftari ilhali ziwa liko mlangoni. Vipimo vikichukuliwa katika vituo vile vile kila msimu, baada ya miaka miwili tutakuwa na ramani ya sakafu ya ziwa itakayotuonyesha mahali pa kuanzia.

Na mahali pa kuanzia, naomba sana, pasiwe lazima pale ambapo magugu ni mazito zaidi. Njia za boti na maeneo ya maji ya kunywa yafunguliwe kwa dharura kama kawaida. Lakini fedha za urejeshaji zielekezwe kwenye hori ambazo bado zina mimea ya chini, hata kama ni michache, kwa sababu huko kuna mrithi tayari. Huko magugu yaondolewe yote kwa mkupuo, yazuiwe yasirudi kwa vizuizi vinavyoelea, na palindwe kwa misimu kadhaa hadi mimea ya chini ishike. Mabaki yatolewe nje ya maji na kupelekwa mbali na ufuo. Gugu ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, hivyo kulibeba ni kazi nzito, na kishawishi cha kulikatakata na kuliacha lizame ni kikubwa. Lakini gugu lililozama linarudisha ziwani kila chembe ya nitrojeni na fosforasi lililokuwa limeibeba, na kuoza kwake humaliza oksijeni. Kwa sababu hiyo hiyo napinga dawa za kuua magugu katika ziwa ambalo maji yake hunywewa, hunyweshwa mifugo na hutumika mashambani.

Kuhusu malipo, ningependa mfikirie upya namna mikataba inavyoandikwa. Mkandarasi anayelipwa kwa tani za magugu aliyoyatoa hana sababu ya kutaka magugu yaishe. Mkataba unaolipa kwa ukubwa wa eneo la kina kifupi lililobaki wazi baada ya miezi sita, na unaotoa nyongeza pale reki inapopandisha mmea wa asili, utawafanya wafanyakazi wenyewe kuwa walinzi wa sakafu ya ziwa.

Jambo kubwa zaidi liko nje ya ziwa. Maji mengi ya Naivasha huletwa na mto Malewa kutoka milima ya Nyandarua, na mto Gilgil huongeza sehemu yake. Ndiyo maana barua hii imeelekezwa pia kwa Gavana wa Nyandarua: mteremko uliolimwa hadi ukingoni mwa mto huko juu ni chakula cha gugu huku chini. Mafunjo yaliyokuwa yakitanda kwenye midomo ya mito hiyo yalichuja udongo na virutubisho kabla havijaingia ziwani, na sehemu kubwa yake imepotea kwa kulimwa, kuchomwa na kulishiwa mifugo. Kuyarejesha mafunjo hayo, na kuyawekea mipaka inayoheshimiwa hata ziwa linaposhuka na ardhi nono kujitokeza, kungepunguza virutubisho kwa gharama ndogo kuliko mtambo wowote. Miji inayozunguka ziwa imekua haraka kuliko mabomba ya maji taka, na hilo linahitaji fedha za umma, si mahubiri kwa maskini wenye vyoo vya mashimo. Kwa mashamba ya maua, ambayo yanaajiri maelfu ya watu wetu, wapo waliojenga maeneo ya mimea ya kuchuja maji kabla ya kuyaachilia. Ninaomba hiyo iwe sharti la kila kibali, na matokeo ya vipimo vya maji yanayotoka yawekwe wazi kwa umma.

Na mwisho wa maombi ya kitaalamu: asiingizwe tena ziwani mmea wala mnyama mgeni kwa nia njema. Kamba waliletwa kwa nia njema. Ninasema hivi kwa sababu anayesoma barua hii anaweza kupata wazo la kuagiza mimea ya chini kutoka nje ili ishindane na gugu. Afrika Kusini, ambako kazi ya kudhibiti mimea ya majini kwa wadudu imeendelea kuliko sehemu nyingi za bara, watafiti wameonya kwamba palipoondolewa mimea ielealo huku maji yakibaki yenye virutubisho vingi, mimea vamizi ya chini kutoka mabara mengine ilichukua nafasi na kuwa kero mpya. Sisi tuna ya kwetu, na tope la Naivasha lina uwezekano mkubwa wa kuhifadhi mbegu zake. Inachohitaji ni mwanga na maji yaliyopungua unono.

Naivasha iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1995 kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na orodha hiyo ilizingatia uhai wote wa ziwa, pamoja na ule usioonekana kutoka barabarani. Naomba katika bajeti ijayo ya magugu maji kuwe na kifungu mahususi cha mimea ya chini, hata kikiwa kidogo. Taasisi moja ipewe jukumu la kukisimamia na kuandika ripoti. Na vipimo vya kwanza vya Secchi na reki vifanyike kabla ya mvua za masika, ili tuwe na pa kulinganishia mvua zikishapita. Matokeo yabandikwe katika kila ufuo wa wavuvi, kwa Kiswahili, kwa tarakimu. Wanafunzi wangu na mimi tuko tayari kushiriki katika vipimo hivyo wakati wowote mtakapotuita.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa bayolojia, Naivasha